Kuhamia uhasibu ukiwa na miaka 40 na kitu: uzi wa walio Kisumu, Nakuru na Magharibi

LejaKuu (Kisumu)

Wadau, kila mara kuna mtu anauliza hapa kama anaweza kuingia uhasibu akiwa na miaka 38, 42, 47. Amefundisha, amekuwa nesi, ameuza hadiwea soko la Kibuye. Anajibiwa "umechelewa" au "soma CPA" (cheti cha taaluma ya uhasibu), basi. Majibu yote mawili ni ya kivivu. Naweka msingi hapa, wenye kujua zaidi waongeze.

Kwanza tenganisha kazi. Kutunza vitabu vya biashara ndogo (kuingiza ankara, kulinganisha M-Pesa na benki, kuandaa mishahara) ni kazi unayopewa na mwenye biashara akikuamini. Hahitaji kuona cheti ndipo akuajiri. Kuwa mhasibu wa kaunti, sacco au shule ni mlango wa makaratasi: tangazo likisema CPA ngazi fulani na huna, faili yako haifunguliwi. Kusaini hesabu kama mkaguzi ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Wahasibu ya 2008 imeliachia mwanachama wa ICPAK (taasisi ya wahasibu wa Kenya) mwenye leseni ya kufanya kazi hiyo. Mtu wa miaka 45 anaweza kufika huko, ila asipange matumizi ya nyumbani akitegemea kwamba atafika mwakani.

Msimamo wangu: anza na kazi ya kwanza, ndani ya biashara ambayo tayari unaijua, huku karatasi za kasneb, bodi ya mitihani ya CPA, zikienda sambamba. Aliyeuza pembejeo Nakuru kwa miaka anajua chanjo ya kuku ina tarehe ya kuisha na mbegu za mahindi hutoka kwa kasi mvua ya Machi ikikaribia. Kijana aliyetoka chuo hajui. Ataandika stoki ya milioni moja kwenye mizania wakati robo yake imeharibika rafuni. Wewe utaiona kwa macho kabla hujafungua kompyuta.

Mizania_Nax (Nakuru)

Niongeze upande wa kasneb, maana watu wanabeba habari za zamani. Mtaala ulibadilika Julai 2021. Siku hizi hakuna "Section 1 hadi 6". Kuna ngazi tatu: Msingi, Kati na Juu. Msingi ina karatasi sita: uhasibu wa fedha, mawasiliano, sheria na utawala, uchumi, hesabu za takwimu, na teknolojia ya habari. Kati nazo ni sita, na hapo ndipo kuna sheria ya kampuni, usimamizi wa fedha, taarifa za fedha, ukaguzi, uhasibu wa usimamizi, na fedha za umma pamoja na ushuru. Ngazi ya Juu unachagua utaalamu mmoja: ushuru, ukaguzi au uhasibu wa usimamizi. Pia kuna karatasi ya vitendo ya uchambuzi wa data.

Mitihani inakuja Aprili, Agosti na Desemba. Mtu mwenye kazi na watoto asijidanganye na karatasi nne kwa awamu. Mbili zinatosha. Mbili mara tatu ni sita kwa mwaka, kwa hiyo CPA nzima ni karibu miaka mitatu ukipita kila moja. Alama ya kupita ni 50.

Gharama watu husahau ni zile za pembeni. Mbali na usajili na ada ya kila karatasi, kuna kuhuisha usajili kila tarehe 1 Julai, na aliye na digrii ya biashara akiomba kusamehewa karatasi analipia kila anayosamehewa. Ushauri wangu kuhusu msamaha: kama digrii yako ni ya 2005 na hujagusa debiti na krediti tangu wakati huo, usisamehewe uhasibu wa fedha. Utaokoa awamu moja halafu upoteze mbili kwenye taarifa za fedha, maana ile ya Kati haifundishi tena msingi. Inaenda mbele moja kwa moja na haikusubiri.

Omera_Hesabu (Kisumu)

KCSE ya 1998, wastani wa C. CPA nimefungiwa?

Mizania_Nax (Nakuru)

Omera, CPA moja kwa moja inataka C+. Lakini hujafungiwa. Ingia na ATD, diploma ya kasneb ya mafundi wa uhasibu, ambayo inapokea kuanzia C-. Ukiimaliza, cheti chake chenyewe ndicho tikiti ya CPA, hakuna atakayeuliza tena KCSE ilikuwaje. Na ATD si ya kupoteza wakati. Kwa kazi ya vitabu vya duka au shule inatosha kabisa.

Mwenye cheti cha nje ya Kenya aanze na KNQA (mamlaka ya sifa za elimu) kukipatia ulinganifu, asije akangojea hadi wiki ya kufunga usajili.

BibiVocha (Kakamega)

LejaKuu, nakupinga kidogo. "Anza na kazi, karatasi sambamba" ni sawa kwa biashara. Kwa kaunti na sacco ni kinyume. Utumishi wa umma unastaafu ukiwa na miaka 60. Anayeingia akiwa na 44 na CPA kamili ana miaka 16 ya kupanda ngazi. Anayeingia na 50 kama karani wa hesabu atastaafu akiwa karani wa hesabu. Kwa hiyo mwenye macho kwenye kaunti asome kwanza, asome kwa kasi, aombe kazi mara tu anapopita Kati, maana matangazo mengi ya ngazi za chini hukubali hapo.

Na ajifunze lugha ya huko. Hesabu za serikali hufuata IPSAS (viwango vya uhasibu wa umma), malipo yanapita kwenye IFMIS (mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali), na sheria mama ni ile ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kwenye usaili hawatakuuliza faida ya duka. Watakuuliza tofauti ya vocha na hati ya mahitaji, masurufu yanarejeshwa vipi, na nani anaidhinisha pesa kuhamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine.

LejaKuu (Kisumu)

Sawa, BibiVocha, kwa kaunti nakubali. Sacco bado nasema inategemea. Zile ndogo za chai na miwa huchukua mtu wa papo hapo anayejua wanachama.

Tarehe9 (Eldoret)

Mimi niingie kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo wanaohama huumbuka. Mwezi wa mhasibu una tarehe mbili za kutia jasho. Tarehe 9 ni PAYE (ushuru wa mshahara) ya mwezi uliopita na makato mengine ya mishahara. Tarehe 20 ni VAT (ushuru wa ongezeko la thamani), na TOT (ushuru wa mauzo wa biashara ndogo) kwa walio huko. Ukichelewa PAYE, faini ni 25% ya ushuru au shilingi 10,000, kubwa kati ya hizo. VAT ni 5% au 10,000, vilevile kubwa. Hata kama hakukuwa na mauzo, ritani ya sifuri lazima iwasilishwe. Biashara nyingi huku zina faini za miezi ambayo duka lilikuwa limefungwa kabisa.

Jaribu mshahara huu kwa mkono kabla hujagusa programu yoyote. Mfanyakazi wa 50,000, viwango vya 2025:

NSSF (akiba ya uzeeni) 6% = 3,000
SHIF (bima ya afya) 2.75% = 1,375
Ushuru wa nyumba 1.5% = 750
Kinachobaki cha kutozwa ushuru: 50,000 − 5,125 = 44,875

24,000 za kwanza kwa 10% = 2,400
8,333 zinazofuata kwa 25% = 2,083.25
12,542 zilizobaki kwa 30% = 3,762.60
Jumla 8,245.85, toa nafuu ya kibinafsi 2,400 = PAYE 5,845.85

Anaenda nyumbani na 39,029.15. Mwajiri naye anaongeza NSSF 3,000 na nyumba 750, hivyo huyu mtu anamgharimu 53,750, na shilingi 50 za NITA (mafunzo ya viwandani) juu yake. SHIF mwajiri haongezi.

Kosa linalorudi kila mahali: watu wanapakua jedwali la Excel la mishahara kutoka intaneti, na jedwali lenyewe ni la kabla ya mwisho wa Desemba 2024. Kabla ya hapo SHIF na ushuru wa nyumba havikukatwa kwenye mapato kabla ya kutoza PAYE. Sasa vinakatwa. Ukiona jedwali lina safu ya NHIF (bima ya afya ya zamani), lifute tu, usilirekebishe.

Jambo jingine dogo linalokula usiku mzima: fomu ya P10 (ritani ya PAYE) ni Excel yenye makro. Ifungue kwa Excel yenyewe na uruhusu makro, la sivyo kitufe cha kuthibitisha hakifanyi kitu. Na PIN (namba ya mlipa ushuru) ukiinakili kutoka WhatsApp huja na nafasi tupu mwishoni. Jicho halioni, fomu inakataa.

Hadiwea_Mjini (Kisumu)

Na VAT? Mtu wetu anatoa 16% ya pesa iliyoingia kwenye droo.

Tarehe9 (Eldoret)

Anailipa serikali zaidi ya haki yake. Kama bei ya rafuni tayari ina VAT, unagawanya kwa 1.16. Bati za 11,600: gawanya, unapata 10,000 mauzo na 1,600 VAT. Yeye akichukua 16% ya 11,600 anapata 1,856. Shilingi 256 kwa kila 11,600 zimekwenda bure, na kwa hadiwea inayouza milioni mbili kwa mwezi hiyo ni zaidi ya 44,000.

Upande wa manunuzi, VAT unayodai lazima iwe kwenye ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, KRA) yenye PIN ya duka. Mwenye duka akituma kijana wa mkokoteni achukue misumari bila kutaja PIN, ile VAT imepotea. Una miezi sita kuidai, baada ya hapo imekufa. Na tangu Januari 2024, hata gharama yenyewe isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza faida, ukiacha zile sheria ilizozisamehe kama mishahara.

Kingine: bidhaa ya kiwango cha sifuri na iliyosamehewa VAT si ndugu. Zote mteja halipi VAT, lakini ya sifuri unarudishiwa VAT ya manunuzi, iliyosamehewa hurudishiwi. Nafaka na mboga ambazo hazijasindikwa zimesamehewa. Mwenye duka linalouza vyote viwili na vitu vya 16% anahitaji kugawa VAT ya manunuzi, na hapo ndipo karani mgeni hutoroka.

Leja_ya_Mumias

Wauza sukari wa jumla wengi wameingizwa TOT kwa sababu "ni rahisi". Iangalieni. TOT ni 3% ya mauzo yote, kwa walio kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Haijali faida. Duka lenye mauzo ya 4,000,000 na faida ya 5% linabaki na 200,000 kabla ya kodi ya nyumba na umeme. TOT yake ni 120,000. Toa kodi na umeme, mwenye duka amefanyia kazi serikali.

Huyo huyo akimwandikia Kamishna kuwa hataki TOT, akatunza vitabu, akalipa ushuru wa kawaida, ushuru wa faida halisi ya labda 60,000 kwa mwaka kama ndiyo mapato yake pekee haufiki hata kwenye nafuu ya kibinafsi. Analipa sifuri. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya kumwonyesha mwenye biashara thamani yako, kuliko kumpa grafu za rangi.

Na ujue ada yako mwenyewe ya kitaalamu haiingii TOT. Iweke kwenye ritani ya kawaida.

Omera_Hesabu (Kisumu)

Tili ya M-Pesa (namba ya duka ya kupokelea malipo) inanichanganya. Mauzo ni pesa iliyofika benki au?

LejaKuu (Kisumu)

Hapana, na hili ndilo kosa namba moja la biashara ndogo, kwa hiyo niliandike polepole. Tuseme tili ilianza mwezi ikiwa na sifuri. Daftari la mauzo, sehemu ya M-Pesa, linasema 412,600. Benki inasema imepokea 398,900 kutoka kwenye tili. Karani mgeni anaandika mauzo 398,900 na analala usingizi.

Pakua taarifa ya tili ya mwezi mzima uipange kwa aina ya muamala. Utakuta salio lililobaki kwenye tili usiku wa mwisho wa mwezi: 9,480. Ada za muamala: 2,220. Mteja mmoja aliyerudishiwa pesa: 2,000. Ongeza 398,900 na hizo tatu, inakuja 412,600 kamili.

Sasa kila kipande kina mahali pake. Tili ni akaunti kama benki, na 9,480 ni mali yako, hukai ukisubiri ifike benki ndipo uitambue. 2,220 ni gharama. 2,000 inapunguza mauzo na lazima itolewe krediti noti (hati ya kupunguza ankara) kwenye eTIMS, vinginevyo KRA inaona mauzo ambayo hayapo. Mauzo halisi ni 410,600. Ukikosa kwa shilingi 50 usiandike "nyinginezo". Mara nyingi ni malipo mawili, moja limezidi na jingine limepungua, yamefichana.

Ugonjwa mkubwa zaidi ni mwenye duka kupokea malipo kwenye namba yake binafsi, ile ile anayolipia karo na kutuma matanga. Hakuna programu itakayotibu hilo. Mweke kwenye tili kwanza, halafu pesa yoyote anayotoa kwa ajili ya nyumbani iandike matumizi ya mwenyewe, isiwe gharama ya duka.

Chaki_na_Leja (Vihiga)

Kwa walimu wanaohama: msidharau kazi ya bursa (mtunza hesabu wa shule). Mnajua kalenda ya shule, mnajua mzazi analipa lini na kwa visingizio gani. Kinachowaangusha ni akaunti. Pesa ya serikali ya masomo, ya uendeshaji na ya miundombinu hukaa kila moja mahali pake, na karo ya bweni mahali pake. Mwalimu mkuu akisema "kopa kwa masomo tununue maharagwe, tutarudisha", jibu ni hapana kwa maandishi. Mkaguzi hatauliza kama mlirudisha. Atauliza nani aliidhinisha.

Na mwalimu huangukia kwenye mtihani kwa jambo la ajabu: anaandika maelezo mengi mno. Karatasi ni saa tatu kwa alama 100. Swali la alama 20 lina dakika 36, zikiisha hamia jingine hata kama mizania haijakubali. Mizania isiyokubali bado ina alama za hatua. Swali lililoachwa wazi halina kitu.

Mizania_Nax (Nakuru)

Takwimu ndizo huua waliokaa miaka 20 bila hesabu. Anza nazo awamu ya kwanza pamoja na uhasibu wa fedha, ukiwa bado na hamu. Sheria na mawasiliano ziache kwa awamu ambayo kazini kuna shughuli nyingi.

Pa kuanza kuulizia masomo: Kisumu kuna KCA na Kisumu National Polytechnic, Nakuru kuna Egerton mjini na Kabarak nje kidogo, Kakamega kuna Masinde Muliro. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili tu: nani anafundisha taarifa za fedha na ushuru, na je, madarasa ya jioni yanaendelea hata wanafunzi wakiwa watano.

BibiVocha (Kakamega)

Mashirika yasiyo ya serikali Kisumu: lipo somo la mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada na ofisi za miradi ya afya zikaanza kupunguza watu. Kujua hesabu za wafadhili ni ujuzi mzuri, usiutegemee peke yake.

Hadiwea_Mjini (Kisumu)

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtu amepata mteja wa kwanza, duka la pembejeo Ahero, halina kitabu hata kimoja. Siku ya kwanza anafanya nini?

LejaKuu (Kisumu)

Kabla ya siku ya kwanza: barua fupi ya makubaliano. Utafanya nini, hutafanya nini, stakabadhi zikufikie tarehe ngapi (weka tarehe 3, si 8), na bei. Toza kwa wingi wa miamala, usikubali bei moja ya mwezi kabla hujaona lundo la risiti. Usijiite wakala wa ushuru kama huna leseni ya KRA. Na nywila ya iTax (tovuti ya ushuru ya KRA) ya mteja isikae kwenye simu yako. Aingie mwenyewe, mketi pamoja.

Siku yenyewe chagua Jumapili duka likiwa limefungwa. Hesabu stoki watu wawili, mmoja anataja na mwingine anaandika, bei ya kununulia na si ya kuuzia, na vilivyokaribia kuisha muda viwe kwenye karatasi yake. Vile ambavyo haviwezi kuuzika hata kwa bei ya kununulia, viandike kwa bei vitakayouzika, na vilivyoisha kabisa ni sifuri. Hesabu pesa ya droo. Piga picha salio la tili na la benki siku hiyohiyo. Chukua daftari la madeni ya wateja, na kwa kila jina uulize lini alilipa mara ya mwisho. Deni la miaka miwili la mtu aliyehamia Nairobi si mali. Kisha wauzaji wanaodai: wapigie simu, usiamini kumbukumbu ya mwenye duka.

Vifaa: kompyuta, friji ya chanjo, rafu. Kwa vitabu weka uchakavu unaolingana na maisha ya kitu. Kwa ushuru uchakavu huo unarudishwa kwenye faida na badala yake unatumia viwango vya KRA: kompyuta 25%, samani 10%, kwa mafungu sawa kila mwaka. Watu huchanganya hivi viwili na mwisho wa mwaka hakuna kinachokubali.

Mali toa madeni, kinachobaki ndicho mtaji wa kuanzia. Mwambie mwenye duka asaini karatasi hiyo siku hiyohiyo, kila ukurasa, na wa stoki pia.

Hadiwea_Mjini (Kisumu)

Na akikataa kusaini ukurasa wa madeni?

LejaKuu (Kisumu)

Basi kuna jina humo hataki lionekane, mara nyingi ndugu yake. Liandike kwenye matumizi ya mwenyewe, mweleze kwa nini, na usaini uendelee.